Mhasibu Anayeanza na Mbili

Mji mzima ulijua kwamba mhasibu wa kiwanda cha maziwa hajui kuhesabu. Kiwandani hana dogo: kopo moja likipungua ghalani, hakuna anayekwenda nyumbani mpaka lionekane. Lakini kila asubuhi kabla ya kazi alisimama kwenye barabara kuu na bendera yake nyekundu, akiwavusha watoto wa shule, na kila mtoto alitaja namba yake akipita. Wa kwanza alitaja mbili, wa pili tatu, na kuendelea. Moja hakuna. Muuza magazeti wa pale kando alimtania mpaka utani ukachakaa, naye alimjibu kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Watoto walimwita Shangazi, na watu wazima nao wakafuata.

Kazi hiyo ya bendera hakuna aliyempa. Alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa, mvua inyeshe jua liwake, na hayo matuta mawili ya barabarani ni yeye aliyeyapigania, kwa barua thelathini na moja, mpaka halmashauri ikachoka kumsoma.

Sasa halmashauri ikabandika tangazo kwenye ubao wake. Matuta yatang'olewa Jumatatu ili magari yasicheleweshwe, kwa kuwa utafiti wa mhandisi umeonyesha kwamba hapo havuki mtoto hata mmoja. Watu walisoma ukurasa wa kwanza, wakasonya, wakaenda zao. Shangazi alisoma mpaka viambatisho, maana mhasibu huanzia pale wenzake wanapochokea. Kiambatisho cha tatu, kwa maandishi madogo ya kuumiza macho, kilikuwa na tarehe. Mhandisi alikuwa amekuja kuhesabu watoto wa shule katikati ya likizo.

Alicheka peke yake pale ubaoni. Kisha hasira zikampanda, kwa sababu kwake kosa la namna hiyo si kosa tena, ni dharau. Akaenda moja kwa moja ofisini kwa mhandisi. Kijana yule, shati limenyooka, alimsikiliza kwa adabu zote, akamwita mama mara saba, akamweleza kwamba ripoti ikishapitishwa imepitishwa, na atakayezuia greda atashtakiwa.

Nyumbani mumewe, fundi cherehani, aliisikiliza habari yote bila kuinua macho kwenye kitambaa.

"Mke wangu," akasema, "ukishtakiwa, kiwandani hawatakuweka."

Shangazi akajibu kwamba analijua hilo. Fundi akaomba bendera. Pindo lilikuwa limefumuka. Akalishona upya, mshono juu ya mshono.

Jumatatu, watoto hawajaanza kupita, greda likaja likinguruma na mhandisi nyuma yake kwenye gari. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya barabara, mbele ya tuta, bendera juu. Dereva wa greda alikuwa na binti wawili katika shule ile. Akamtazama, akazima injini, akatangaza kwamba imepata moto.

Mhandisi akashuka na simu mkononi. Akasema ataita polisi.

"Waite," Shangazi akamwambia. "Ila wakifika wakukute unahesabu. Mimi sitii saini kwa mali ya ghala nisiyoiona kwa macho yangu. Na wewe hutatia saini kwa watoto usiowaona."

Akampa daftari na kalamu. Watu walishaanza kukusanyika, na muuza magazeti akasema kwa sauti kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Mhandisi akaona bora ashike kalamu.

Watoto wakaja. Mbili, tatu, nne, wakavuka wawili wawili, watano watano, kila mmoja akipaza namba yake. Magari yakajipanga mpaka sokoni, wenye haraka wakapiga honi, Shangazi hakupepesa macho. Wa mwisho alikuwa msichana aliyechelewa, kiatu kimoja mkononi.

"Mia mbili kumi na nne," akasema, akakimbilia getini.

Mhandisi alikuwa ameweka alama kwa kila mtoto. Alizihesabu, akazirudia, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu.

"Mama, hesabu yako ina kosa. Mimi nina mia mbili kumi na tatu. Mmeanza na mbili."

Muuza magazeti akaangua kicheko, kwa kuwa utani ulikuwa wake tangu zamani. Alimwona Shangazi akishusha bendera, akakikatisha. Miaka kumi na tisa alikuwa amemtania, na hata siku moja hakuwahi kumuuliza sababu.

"Sijakosea," Shangazi akasema. "Moja ni mtoto wa dada yangu. Alikuwa na miaka saba. Aliishia hapo uliposimama."

Mhandisi akatazama miguu yake, akarudi nyuma hatua moja. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, aandike kumi na tatu au kumi na nne.

"Andika mia mbili kumi na tatu. Mimi siongezi kitu kwenye hesabu, hata huyo. Weka tarehe ya leo, tia saini. Wa kwanza niachie mimi."

Akaandika. Shangazi akaisoma karatasi yote, akianzia kwenye tarehe, ndipo akainua tena bendera na kumwonyesha dereva wa greda pa kugeuzia. Injini iliyopata moto ikawaka mara moja.