Jina la Omuse

Mwaliko wa kumpa mtoto jina hautumwi kwa simu. Ndivyo Amongin, mama mkwe, alivyomwambia Asekenye asubuhi ile, huku akimkazia leso ya mtoto mgongoni.

"Simu ni ya kuulizia bei ya mahindi. Ukoo unaalikwa kwa miguu, na mtoto mwenyewe mgongoni. Zunguka na njia ya Kamuriai, fika kwa mashangazi kule Amoni, kisha urudi na barabara ya lami. Usikate mbugani, jua litamchoma mjukuu wangu."

Asekenye akaondoka mwepesi, akicheka. Jumapili bibi angechovya kidole katika pombe ya wimbi, amtie mtoto mdomoni na kutaja jina la marehemu babu, Omuse. Mtoto akinyonya, jina limemkubali. Okiror, mume wake, aliahidi tangu mimba ikiwa changa. Na jina lile haligawanywi: baba mmoja hana wana wawili wa jina moja.

Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu. Boma la kwanza alimkuta mbwa. La pili, kuku. La tatu, jirani aitwaye Hesbon alikuwa akichonga mpini wa jembe.

"Wenyewe wameenda kunywa," akasema. "Na wewe dada, mbona uko huku?"

"Kunywa wapi?"

Hesbon akainamia mpini wake. "Mimi si mtu wa ukoo. Niulize mambo ya majembe."

Hapakuwa na wa kualikwa, na mtoto alishaanza kulia kwa joto. Asekenye akakata mbugani. Nyasi zilimfika kiunoni, mawe yakaunguza nyayo kupitia kandambili. Katikati ya mbuga akasikia vigelegele, akavifuata akidhani ni harusi.

Mbele ya nyumba ya mabati mapya, mashangazi wote aliokuwa akiwatafuta walikuwa wameketi kuzunguka mtungi wa pombe, mirija mirefu midomoni. Amongin alikaa kwenye mkeka, mapajani ana mtoto mwingine, kidole kimelowa.

"Omuse!"

Mtoto akanyonya. Vigelegele vikapasua hewa. Okiror akapiga makofi, kisha akamwona mkewe na mikono ikabaki hewani.

"Mama," Asekenye akasema, "si ulisema nipite lami?"

Msichana aliyekaa pembeni ya mkeka, maziwa yamelowesha blauzi, akainua macho. "Dada, mimi ni Akiteng, mke mwenzako. Waliniambia unajua."

"Huyu alitangulia kuzaliwa," Amongin akasema upesi. "Tungekueleza jioni, polepole. Wako tutampa jina lingine. Majina ni mengi, mwanangu."

Shangazi mmoja akamnyooshea mrija. "Vuta kidogo, mama, moyo upoe."

Asekenye akageuka. Okiror alimfuata hadi kwenye ua tu. "Usiniaibishe mbele ya watu," akamnong'oneza, akarudi kwa wageni.

Njia iliyobaki ilipita kwa Zilpa, bibi kizee ambaye mguu mbovu ulimzuia kwenda kwenye sherehe. Alikuwa mlangoni, akipepeta wimbi.

"Unaalika?"

"Nilikuwa naalika."

"Na huyu analia hivi, anaitwa nani?"

Asekenye akafungua leso. Akamshusha mtoto. "Bibi, una pombe?"

"Ya jana. Imechacha kidogo."

Asekenye akachovya kidole chake mwenyewe. Zilpa akaacha kupepeta. "We! Hiyo ni kazi ya bibi wa upande wa baba."

"Bibi yake ana kazi nyingi leo." Akakipeleka kidole mdomoni mwa mtoto, akataja jina la babu wa upande wa mama. "Ekisa."

Mtoto akakunja uso, akakitema, akalia zaidi. Machozi aliyoyazuia mbuga nzima yakamshuka Asekenye.

"Ana joto, hajakataa," Zilpa akasema, akisogeza kiti kivulini. "Mnyonyeshe kwanza. Akitulia, mwambie tena."

Asekenye akaketi, akafungua blauzi, na kidole kilicholowa akakiweka mbali na vumbi.