Mlango wa Chumba cha Viazi

Mimi si mwoga, muulize yeyote hapa Ontario, lakini tulipokata kona kuingia shamba la akina Crandall nilipunguza mwendo mpaka gari likakaribia kuzimika. Baba pembeni yangu aliukamata mkanda wa gari kwa mikono miwili.

Kosa langu. Mimi ndiye niliyeanza kuchimbua habari za mama yake, Bibi Hester. Aliletwa kwa meli kutoka Uingereza akiwa bado mtoto, yeye na mdogo wake Enoch, yatima wawili, wakapewa mzee Crandall wamfanyie kazi za shamba. Mzee yule alikuwa mlevi na mkono wake mwepesi. Magurudumu ya gari lake yakisikika getini, Hester alimsukuma Enoch aingie chumba cha viazi chini ya nyumba, na mzee akishalala, anakwenda kumgongea kwa namna waliyokubaliana, atoke. Siku moja Hester akatoroka peke yake, kwa ahadi kwamba atamrudia.

Hakuthubutu kurudi. Alizeeka akiamini mzee alimuua Enoch kwa hasira ya yeye kutoroka, na mimi katika kutafuta kwangu kote sikuona Enoch Pilling yeyote, hai wala kaburini. Baba alikuwa apasuliwe moyo Jumatatu. Alitaka ajue kwanza. Nilimuuliza, je, tukiambiwa aliuawa kweli? Akasema basi atakuwa amejua, na niache kumchosha.

Tukabisha hodi. Kimya. Tukachungulia dirishani: birika lilikuwa linapiga mluzi jikoni, kikombe kiko mezani, na mtu hakuna. Nikamvuta Baba mkono, nikamwambia twende zetu, ukoo wa Crandall huu, hatujui wameshika nini humo ndani.

Baba hakusogea. Uso wake ulikuwa umesawajika.

"Wako chini," alisema. "Gari likisimama, mama alikuwa anatupeleka chini hivi hivi tulipokuwa wadogo. Hata birika hakuwahi kuliepua."

Akazunguka nyuma ya nyumba, mimi nyuma yake, hadi kwenye mlango wa mbao uliolala ardhini. Akapiga kwa kiganja: pigo moja, akangoja, kisha mawili ya haraka. Nilitaka kumzuia mkono.

Komeo likalia ndani. Mlango ukainuka kidogo, na mwanamke mwenye mvi akachungulia, chuma cha kuchochea moto mkononi. Alituogopa kuliko tulivyomwogopa.

"Nani kakufundisha kugonga hivyo?"

"Mama yangu. Hester Pilling."

Chuma kikamponyoka. Alikaa palepale kwenye ngazi, na ikabidi nimshike bega asiporomoke.

Jina lake Thelma. Babu yake ndiye Enoch. Mzee Crandall hakuwa na mtoto, akamwachia Enoch shamba pamoja na jina la Crandall, ndiyo maana sikumwona popote kwa jina la Pilling. Naye Enoch akawafundisha wanawe na wajukuu: gari likija, chini, na msifungue mpaka msikie mlango ukigongwa vile.

Baba alimuuliza kama Enoch aliwahi kumlaani dada yake.

"Kumlaani?" Thelma alijifuta macho kwa aproni. "Watu walikuja kununua shamba hili mara ngapi, akawafukuza. Alisema akihama, dada yake atakuja kuwagongea watu wasiomjua."

Baba aliketi kwenye majani na kulia kwa sauti, na mimi sikumnyamazisha.