Wavu Uliokuja na Filimbi

Kama una mtoto anayejua simu kuliko anavyojua matope, usimtume kununua wavu. Na ukimtuma, usimsindikize wewe mwenyewe ukiwa umevaa kanga mpya, kwa sababu mtapotea wawili. Mimi nilimsindikiza.

Sisi kina mama kumi na mmoja wa Narung'ombe tulichimba bwawa la samaki kule bondeni. Mwezi wa pili tukapandikiza vifaranga wa perege, tukawalisha pumba miezi minane. Mwaka huo kijito kinachotuletea maji kikakauka mapema. Lusia, mwenyekiti wetu, alichomeka mti wenye alama katikati ya bwawa, na kila asubuhi tulikuta maji yameshuka upana wa kidole. Korongo wanne walikuwa wameshajipanga ukingoni, wametulia kama wajumbe wa kamati wanaosubiri posho.

"Wiki moja," Lusia akasema. "Tusipowatoa watafia kwenye tope, na miezi minane tutaizika kwa jembe."

Wavu wa kuazima haukuwepo. Mmoja akataja vyandarua, mwingine akamtaja bwana afya, maneno yakaishia hapo. Ikabaki kununua, na wa kwenda kununua ni nani. Nikainuka nikasema mwanangu Ismaily aende. Amemaliza kidato cha nne, ana simu kubwa, na kama kuna kitu duniani asichokijua, hajawahi kunitajia. Lusia alinitazama kidogo, akasema, "Haya, Mama Ismaily. Ni neno lako hilo." Nikaona ananisifia.

Wavu tulikwenda kuutafuta Nachingwea. Watu wote wanaovua kwenye mito na mabwawa ya huku wananunua kwa Bi Zaina, nyuma ya soko. Duka lake ni chumba kimoja chenye ndoana, kandambili, magadi, viberiti na paka. Kiti hakuna. Chenji hakuna. Ukiuliza bei mara mbili anakutazama kama umemtukania mama yake.

"Shikamoo, mama," Ismaily akasema.

"Marahaba. Samaki yuko wapi?"

"Tumekuja kununua wavu, mama."

"Nimesikia. Samaki yuko wapi?"

Kumbe kwa Bi Zaina huuziwi wavu mpaka uje na samaki mmoja kutoka kwenye maji yako, mzima au mfu. Anamshika, anamsukuma kichwa kwenye macho ya wavu huu, kisha wavu ule, mpaka apate jicho ambalo kichwa kinagonga na kurudi. Sisi tulikuja na mkoba.

Hakuishia hapo. Akauliza maji yanafika wapi mwilini. Akauliza kama chini ni mchanga au tope, na kama kuna visiki. Akauliza watakaovuta ni wanaume au wanawake.

"Hilo nalo linahusu nini?" Ismaily akauliza.

"Wanawake wanavuta kamba, baba. Wanaume kila mmoja anavuta sifa zake, wavu unakwenda upande."

Kisha akasema nyavu anakata kwa pima, na kamba, maboya na risasi za kuzamisha tutashona wenyewe, hapo hapo sakafuni, yeye akiangalia. Siku mbili. "Nendeni mkalete samaki," akasema, akaendelea kumpapasa paka.

Tulipotoka nje Ismaily alikuwa amevimba. "Mama, yule ni muuzaji au mwalimu wa zamu? Nakwenda na fedha yangu mkononi, napewa adhabu ya kukaa chini siku mbili nashona?"

Mimi nikacheka. Hapo ndipo nilipaswa kumshika sikio, pamoja na ukubwa wake wote, nimrudishe Narung'ombe kuchukua samaki. Badala yake nikasema, "Hebu tuone hilo duka jipya."

Duka jipya ni Tele Supamaketi. Lina matawi miji mingine na sasa limefika Nachingwea, lina vioo mpaka juu na mlango unaofunguka wenyewe. Mimi niliupisha kwanza, nikidhani kuna mtu anatoka. Ndani kuna ubaridi kama asubuhi ya mwezi wa sita. Binti mmoja akaja anatabasamu, shati lake limebandikwa kitambulisho kilichoandikwa NIULIZE. Akaniita mteja wetu mpendwa. Nyumbani kwangu nina watoto watano na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniita mpendwa, kwa hiyo nilishaanza kulegea.

Akatupeleka kwenye rafu yenye mipira, kofia za jua, fimbo ndefu za kuvulia baharini na pakiti moja nene ya plastiki. Ismaily akaisoma upande wa mbele, akapata neno moja la Kiingereza alilolijua, akasema ndio wavu wenyewe. Picha ya juu ilikuwa ya watu wawili wanacheka kwenye majani mabichi.

"Maji yako wapi hapa?" nikamuuliza.

"Hiyo ni picha ya biashara, mama. Hawawezi kuonyesha kila kitu."

Kwa kuwa binti alishaandikwa aulizwe, nikamuuliza. "Mwanangu, huu unafaa bwawa la perege?"

"Mama, huo uko kwenye ofa."

"Ofa ya samaki gani?"

"Ofa ya wiki hii, mama. Unapata na filimbi ya bure."

Nikamtazama Ismaily. Ismaily akasema filimbi ni ya kuwapigia wavutaji ili wavute kwa pamoja, wenzetu wameshafikiria kila kitu. Nikaona kweli, Bi Zaina na ujuaji wake wote hana filimbi. Nikaomba tufungue tuone macho ya wavu. Binti akasema, kwa upole ule ule, "Ukifungua umenunua, mama." Tukanunua bila kufungua. Ismaily akaongeza kofia ya jua. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimepakata pakiti ile kama mjukuu.

Kesho yake kijiji kizima kilikuwa bondeni. Walikuja wenye mabeseni, wenye chumvi, na Rashidy, kijana wa Namungo anayechimba dhahabu siku za kazi na kucheza mpira mwisho wa wiki, alikuja kununua samaki wa kupeleka machimboni. Ismaily akavaa kofia, akavaa filimbi shingoni, akapasua pakiti.

Wavu ulikuwa mweupe, mzuri. Macho yake ningeweza kupitisha ngumi, na nilipitisha.

"Ni wa kisasa," Ismaily akasema, lakini sauti ilishapungua. "Ukilowa unajikaza."

Rashidy alifungua mdomo kusema kitu, Ismaily akapuliza filimbi. Kina mama watano upande huu, watano upande ule, wakavuta. Mimi nilisimama na beseni. Niliwaona perege kwa macho yangu wanaufikia wavu, wanapita, hawana haraka, kama watu wanaotoka msikitini siku ya Ijumaa. Ukafika ukingoni na kandambili moja na kambale mzee aliyejisokota kwenye uzi. Ismaily akasema turudie. Filimbi ikalia tena, watu wakavuta tena, na mara hii hata yule kambale alikuwa ameshaelewa.

"Mama Ismaily," Rashidy akasema taratibu, "mimi nautambua huo. Ni wavu wa goli."

Watu walicheka, sitaki kudanganya, walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee mmoja akauliza matokeo. Lakini Lusia hakucheka. Alikuwa anatazama maji. Kwa kuvuta mara mbili tulikuwa tumekoroga tope lote la chini, na maji yenyewe machache. Samaki wakaanza kupanda juu, midomo wazi, wanahema. Korongo wakasogea hatua moja.

"Hiyo filimbi isilie tena," Lusia akasema. "Mechi imekwisha."

Akapanga watu palepale. Kila mama ndoo mbili, kisimani mpaka bwawani, asubuhi na jioni, kuwapa samaki maji mapya wapate kupumua mpaka wavu upatikane. Kisima si karibu. Nilimwona Mama Shakila, ambaye mgongo unamsumbua tangu ajifungue, anachukua ndoo bila kunitazama. Hata tusi hakunipa. Ningeomba anitukane.

Alfajiri ya kesho yake mimi na Ismaily tukachukua perege mmoja aliyekwisha kufa, wa wastani, tukamtia kwenye ndoo. Bodaboda mpaka Ruangwa mjini, gari mpaka Nachingwea. Kwanza tukapita Tele Supamaketi, maana wavu ulikuwa bado na tope na mimi nilikuwa bado na hasira. Mlango ukafunguka wenyewe, siku hiyo sikuupisha. Binti wa NIULIZE alikuwa pale pale na tabasamu lile lile.

"Umelowa huu, mama."

"Ni wavu, mwanangu."

"Bidhaa ikilowa hairudishwi."

"Wavu usiolowa una kazi gani?"

"Huu ni wa goli, mama. Haulowi, labda mvua inyeshe."

"Na juzi nilipokwambia perege hukusikia?"

Sikumwona na ubaya wowote, mtoto wa watu, na hilo lilinichoma zaidi. "Mama, mimi nilijua Perege ni timu yenu."

Nikamwambia basi anipe wa samaki. Akasema wa samaki hawajaleta, wanasubiri makao makuu. Nikamuuliza kama makao makuu wana bwawa. Akanipa namba ya kupiga, simu ikaniambia nibonyeze moja.

Tukaenda nyuma ya soko. Bi Zaina alitutazama, akatazama ndoo, akaingiza mkono akamtoa perege wetu. Halafu macho yake yakapanda mpaka shingoni kwa Ismaily, ambaye kwa haraka zote zile alikuwa bado amevaa filimbi.

"Hiyo ni ya nini, baba?"

"Ya bure, mama."

"Naona."

Akamuuliza Ismaily kama huyu ndiye mkubwa wao au wa kati. Akasema wa kati. Kichwa cha perege kikaingia wavu wa kwanza kikapita, wa pili kikapita, wa tatu kikagonga. Akakata pima tulizohitaji, akatutupia kamba na sindano, akatuonyesha sakafu. Tukakaa.

Nikamweleza kuhusu maji na midomo ya samaki. Hapo yule mama asiye na kiti wala chenji akafunga mlango wa duka saa nne asubuhi, akawaacha wateja wanagonga, akakaa chini kati yetu akashona. "Siku mbili hamna," akasema. "Tutamaliza kesho kabla ya adhuhuri. Risasi weka kila shubiri. Tope lenu ni laini, zikizidi wavu utajizika, zikipungua samaki watapita chini ya tumbo lake." Ismaily alijichoma vidole mpaka uzi ukawa mwekundu. Alipoweka risasi ovyo Bi Zaina alifumua yote, akamwambia aanze upya, na mwanangu aliyemaliza kidato cha nne akasema, "Ndiyo, mama." Tulilala palepale dukani na paka.

Tulirudi Narung'ombe kesho yake alasiri. Bwawa lilikuwa limezungukwa na alama za miguu ya kina mama, njia imekuwa tope tupu kutoka kisimani. Samaki wengi walikuwa wameshageuka matumbo meupe. Korongo walikuwa wameshiba, hata kuruka walikuwa hawataki. Tukashusha wavu wa Bi Zaina, kina mama wakavuta mara moja tu, polepole, bila kelele ya mtu yeyote. Ulikuja mzito. Waliobaki hai walikuja wote, wadogo wakapenya wakarudi, wakubwa wakabaki.

Ilikuwa nusu. Labda ni nusu kwa sababu nataka iwe nusu.

Lusia akagawa mafungu kumi na moja, sawasawa, akaliweka langu mbele yangu kama la wengine. Nikasema langu wagawiwe waliobeba ndoo. Nilidhani atatokea mmoja wa kusema hapana, Mama Ismaily, chukua. Wakagawana. Mama Shakila alichukua wawili, akasema ahsante.

Wavu wa goli Rashidy aliuomba, uko Namungo kwenye uwanja wao mdogo wa machimboni. Nasikia unafanya kazi vizuri sana. Mpira ukiingia watazamaji wanapiga kelele, "Perege!", na wanamjua aliyeununua na mama yake aliyemsindikiza.

Mvua zikija tutapandikiza tena. Kina mama wamekubali, ila safari hii kila kitu cha kununua kinapita kwa Lusia, na sikuwa na mdomo wa kubisha. Juzi amemtuma Ismaily Nachingwea kununua mlango wa banda la pumba. Kabla ya kuondoka nilimkuta anapima nafasi ya mlango kwa kamba, urefu na upana, anafunga fundo kila mahali, kisha anarudia kupima. Simu ikalia mfukoni. Akanisomea ujumbe. Ilikuwa Tele Supamaketi wanasema, mteja wetu mpendwa, tumekukumbuka.

"Niwajibuje, mama?"

"Waambie na sisi tunawakumbuka kila tukila mboga bila samaki."

Hakuwajibu. Alikunja kamba yake, akaitia mfukoni. Filimbi aliiacha ukutani, kwenye msumari.