Kibali cha Zohali

Miaka arobaini Mwalimu Wietske aliwafundisha watoto wa mji wetu kwamba sayari ya Zohali, kwa ukubwa wake wote, ni nyepesi kuliko maji: pata beseni la kuitosha, itaelea. Miaka arobaini wakamcheka. Alipostaafu akaunda Zohali yake ya mbao na turubai, pete na vyote, akaifunga mferejini mbele ya nyumba. Jumamosi angetimiza miaka themanini, na waliomcheka wote walialikwa waje kujionea.

Alhamisi akaja Gerlof, afisa wa maji. Darasani ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Mwalimu, hiki chombo kina kibali?"

"Chombo gani? Hiyo sayari."

"Si inaelea?"

Mwalimu akapiga makofi. "Jirani, umemsikia? Amekiri!"

Nilimsikia kutoka uani kwangu, nikainamia maua yangu. Mimi Gerlof alishanitoza faini kwa kibanda cha bata.

"Kinachoelea ni chombo," alisema, "na kisicho na kibali kinavutwa na kuondolewa kesho." Akatoa fomu. Mwalimu akampa kahawa na biskuti moja, akafunga kopo.

"Upana?"

"Mita tano na pete zake. Ila kila miaka kumi na mitano hivi pete hutugeukia ubavu, zikatoweka machoni."

Gerlof akaandika: *upana hubadilika*.

"Kinaandamana na vingine?"

"Miezi. Ni zaidi ya mia mbili na sabini."

"Yote itaegeshwa hapa?"

"Haiegeshwi, inazunguka."

Gerlof akajifuta jasho. "Sitaha iko wapi?"

"Haina. Zohali ni gesi, mwanangu. Ukikanyaga unazama tu, mpaka upondeke."

"Hakuna pa kusimama kabisa?"

"Hata pa kuweka biskuti hakuna."

Uso wa Gerlof ukakunjuka. "Basi si chombo! Kinachoelea bila pa kusimama ni boya, na boya halitaki kibali." Akatazama pale mfereji unapogawanyika. "Ila hapa ni njia panda. Boya la njia panda lazima liwe na mikanda, myekundu na ya kijani."

"Mikanda inayo tangu kuumbwa," Mwalimu alisema, akanitazama mimi.

Ijumaa kutwa nilikuwa na brashi ya rangi mkononi, maji kiunoni.

Jumamosi wakajaa ukingoni, watu wazima na vipara vyao. Mmoja akaguna, "Tangu lini Zohali ikawa nyekundu na kijani?"

"Wee, nyamaza," Gerlof akamkata, biskuti mkononi. "Inaelea, haielei?"

Mwalimu akafungua kopo, akampa ya pili.