Mlio Chini ya Boneti

Gari la dada lilirudi tena gerejini asubuhi ile, likilia vilevile kama lilivyoondoka. Lilisikika kabla halijakata kona ya ukuta: mlio mwembamba, wa juu, kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua akakataa kutoka. Dereva akikanyaga mafuta mlio unapanda, akiachia unashuka, lakini haukatiki. Kimya aliusikia akiwa amejikunja chini ya dashibodi ya basi dogo, kipande cha waya kakibana kwa meno, na vinyweleo vya mikono vikamsimama.

Kimya halikuwa jina lake. Mafundi ndio waliompa, tangu binti huyu alipomaliza chuo na kuja kufanya kazi ya umeme wa magari kwa baba yake, kwa sababu angeweza kushinda kutwa nzima bila mtu kuisikia sauti yake. Mnyoosha bodi alikuwa na utani wake kwamba siku Kimya akipigwa shoti, ataomba radhi kwanza ndipo aanguke. Kimya alicheka nao, uso kauinamisha.

Baba yake naye alikuwa na jina la gereji. Wateja, mafundi, hata watu wa mtaa wa nyuma walimwita Sikio, na jina hilo hakulipata kwa bahati. Vipimo vilikuwepo, Kimya mwenyewe alikuwa na mita yake kwenye begi. Lakini gari lililoletwa likilalamika lilipelekwa kwa Mzee kwanza. Alichukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, akagusisha ncha kwenye injini, akaubana mpini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, akafumba macho. Nyundo zikasimama. Mpiga rangi akazima kompresa yake. Uwanja mzima ukamsubiri. Kisha Mzee akatamka neno moja, pampu, au mkanda, au beringi, akaenda zake kunawa mikono. Alilosema Sikio halikupimwa tena. Hakuna aliyewahi kuitangaza sheria hiyo, na hakuna aliyewahi kuivunja.

Dada yake Kimya alishuka garini na sare yake nyeupe ya ukunga. Alifanya kazi katika zahanati iliyo chini bondeni, na kila siku ya kazi aliteremka ile barabara ya kona kali, upande mmoja mwamba, upande wa pili hewa tupu, na mwanawe mdogo wa kike kafungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma, maana shule yake ya chekechea ilikuwa hukohuko. Mara ya kwanza alipoulalamikia mlio, Baba alibadilisha mkanda wa injini. Mara ya pili aliukaza. Hii ilikuwa mara ya tatu, na dada alikuwa na haraka. Alisema kuna mama aliyeanza uchungu alfajiri, wamempigia simu, na mlio umeanza kumnyima raha. Jana ameusikia hadi usingizini.

Baba alifungua boneti. Akaichukua bisibisi yake. Uwanja ukanyamaza.

Kimya alitoka chini ya dashibodi, akaja kusimama nyuma ya baba yake, kama alivyosimama tangu akiwa mtoto wa kufika kwenye kiuno chake. Alizipenda dakika hizi. Yeye ndiye aliyefundishwa kuushika mpini ule na kusikiliza kwa mfupa. Lakini safari hii hakuhitaji bisibisi. Mlio ulikuwa hapo waziwazi, juu ya ngurumo ya injini, unachoma kama sindano. Mbwa wa mlinzi aliinuka kwenye kivuli cha tanki, akatikisa kichwa, akaenda kulala mbali.

Baba alifumbua macho. Akatabasamu.

"Limenyamaza," alisema.

Dada alimtazama, akaitazama injini. Baba akamwambia, kwa ile sauti yake ya kutania, kwamba magari yako hivyo, yanadeka barabarani yakifika kwa Sikio yanashika adabu, sawa na mtoto anayelia homa usiku kucha halafu akifika mlango wa hospitali anaomba mpira. Mafundi wakacheka. Walikuwa wameusikia utani huo mara nyingi na kila mara waliuchekea.

Ila leo Kimya alikuwa akiwatazama. Aliona mnyoosha bodi anafuta nyundo ambayo haikuwa na uchafu. Aliona mpiga rangi ameinamia brashi yake kana kwamba kapoteza kitu katikati ya manyoya. Hakuna aliyethubutu kuliangalia gari. Ndipo alipoelewa. Hawa wote wanasikia. Wamekuwa wakisikia siku zote, na wamekuwa wakicheka.

Mambo madogo yakaanza kujipanga kichwani mwake, moja baada ya jingine, bila kuitwa. Birika la nyumbani linalopiga mluzi mpaka Mama atoke chumbani kuja kuliondoa motoni, na Baba kakaa pembeni yake anasoma gazeti. Ndege wa asubuhi aliosema wamehama mtaa. Wateja wa siku hizi wanaokubali kwa kichwa, wanaondoka, halafu hawarudi. Na jana asubuhi, pikapu la muuza mbao, lililolia hivihivi. Baba alilikaza mkanda, akasema limenyamaza, likaondoka kwenda kupakia. Yeye Kimya alikuwa amesimama palepale. Alidhani labda ni masikio yake.

"Hebu nipe spana hiyo," Baba alisema. "Tuukaze kidogo tena, dada yako aende na amani."

Mkono wa Kimya ulimpa spana kabla akili yake haijafika. Baba akauvuta mkanda, akakaza. Mlio haukupungua. Ulizidi kuwa mwembamba, ukapanda mpaka pale ambapo meno yanauma, na ndani yake kukaingia kitu kingine, mkwaruzo mdogo wa kuja na kupotea.

Kimya aliujua mkwaruzo huo. Mkanda mmoja ulizungusha alteneta inayochaji betri, na pampu ya maji, na pampu ya kulainisha usukani. Beringi ya alteneta ilikuwa inakufa, na kila mkanda ulipokazwa ilizidi kubanwa. Siku itakapong'ang'ania, mkanda utaungua au utakatika, na vyote vitatu vitasimama kwa pamoja. Ikitokea mbele ya soko, dereva atasukuma gari pembeni na kulaumu mafundi. Ikitokea kwenye kona, katikati ya kuikata, usukani utakuwa mzito kama umemwagiwa zege.

Dada alikwisha kaa kwenye usukani. Alifunga mlango, akaingiza gia. Kimya alisogea dirishani, mdomo ukafunguka, ukajifunga tena. Akimsemesha dada kwa kunong'ona, dada atasema, Baba kasema limenyamaza. Akisema kwa sauti, atakuwa anamvua Mzee nguo mbele ya uwanja mzima, Mzee ambaye hana kingine cha kujivunia, ambaye watu wamesahau jina alilopewa na mama yake.

Baba aliinama kumuaga mjukuu. Kisha akakunja uso.

"Huyu masikio yanamuuma?" aliuliza.

Mtoto alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha nyuma, vidole viwili kavizamisha masikioni, macho kayafinya.

Dada alimtazama Kimya kupitia kioo, na Kimya akaona kwamba dada naye anajua, au anaanza kujua, na anamsubiri mtu mwingine aseme. Uwanja mzima ulikuwa unamsubiri mtu mwingine aseme.

Kimya aliingiza mkono dirishani, akazungusha ufunguo. Injini ikafa. Utulivu uliotua pale ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mtoto alitoa vidole.

"Baba," alisema, "gari linalia. Halikunyamaza. Halijanyamaza hata siku moja."

"Linalia wapi? Si nimelisikiliza mimi?"

"Linalia juu, Baba. Juu sana. Wewe huusikii mlio wake."

Baba aligeuka polepole. Hakumtazama binti yake. Aliwatazama mafundi, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu vyombo vyake baada ya wageni kuondoka. Mnyoosha bodi aliangalia viatu. Mpiga rangi alikuwa mkubwa kwao kwa umri, na alikuwa ameanza kazi na Mzee tangu gereji ikiwa mti wa kufungia mnyororo na ndoo ya spana.

"Linalia?" Baba alimuuliza.

"Linalia, Mzee."

"Na ulicheka."

"Nilicheka, Mzee. Unisamehe."

Bisibisi ilikuwa bado mkononi mwa Baba, na hakujua aiweke wapi. Kimya aliona hilo, na akahisi kwamba kama hatafanya kazi sasa hivi atalia, na akilia hatamaliza. Basi akachukua spana. Akalegeza mkanda, akauchomoa wote, akamwomba dada awashe injini kwa muda mfupi tu, kwani pampu ya maji haikuwa inazunguka. Injini ikanguruma peke yake, nzito, safi. Mlio haukuwepo.

Kimya hakuhitaji kumwambia baba yake. Alimwona anavisoma vichwa vya watu: kichwa cha mpiga rangi kikikubali, mabega ya mnyoosha bodi yakishuka. Mzee ambaye uwanja mzima ulikuwa ukingoja neno lake, sasa alikuwa anangoja nyuso zao.

"Zima, dada." Kisha Kimya akaushika mkono wa baba yake, ule mnene wenye kovu la rejeta, akauweka juu ya puli ya alteneta, gurudumu linalopitisha mkanda. "Zungusha. Usisikilize, Baba. Zungusha tu."

Baba alizungusha. Alizungusha tena, taratibu, na safari hii alifumba macho kama zamani. Kimya naye aliweka kidole pembeni ya kidole chake. Ndani ya chuma kulikuwa na mchanga. Puli ilizunguka, ikasita, ikazunguka, na ilipovutwa huku na huku ikacheza kama jino la mtoto.

"Imekwisha hii," Baba alisema kwa sauti ya chini. "Isingefika bondeni." Akaendelea kuishika. "Na mimi ndiye niliyekuwa naibana."

Dada alikuwa ameshuka. Alimfungua mwanawe mkanda wa kiti, akamtoa, akamshika kifuani kwa nguvu, ingawa mtoto alikwisha kuwa mzito na alikuwa akijitoa ateremke amfuate mbwa. Dada hakumwachia. Mnyoosha bodi alisema atampeleka zahanati kwa pikipiki yake, kama hataona vibaya, na dada akakubali kwa kichwa bila kutoa macho kwenye ile barabara inayotokea nyuma ya ukuta na kupotelea mlimani.

Kimya akadhani jambo limekwisha. Alianza kutafuta spana ya kufungulia alteneta. Ndipo Baba alipouliza, akiwa bado ameinamia injini.

"Lile la mbao, jana. Lilikuwa linalia?"

Kimya alisimama. Kulikuwa na namna nyingi za kujibu, na zote alizijua, maana ameishi ndani yake miaka yote.

"Lilikuwa linalia, Baba. Kuliko hili."

Baba alitoa simu mfukoni, akatafuta namba, akaiweka sikioni. Simu iliita kwa muda mrefu. Kisha muuza mbao akapokea, na hata kwa mbali sauti yake nene ilisikika ikimwamkia Mzee kwa furaha. Baba akamuuliza yuko wapi. Akasikiliza. Uso wake ukakauka.

"Anashuka mlima na mzigo. Anasema gari halina neno." Akamnyooshea Kimya simu. "Chukua. Mimi namsikia yeye tu. Sikiliza nyuma yake."

Kimya alibandika simu sikioni. Mtu yule alikuwa bado anaongea, anamsifu Mzee, anasema hata leo amemtangaza kwa wenzake. Nyuma ya maneno yake kulikuwa na upepo, na nyuma ya upepo injini, na nyuma ya injini, mwembamba, bila kuchoka, ule mlio. Na ndani ya mlio, mkwaruzo, ambao haukuja na kupotea tena. Ulikuwa umekuja ukakaa.

"Simamisha gari," Kimya alisema.

Muuza mbao alicheka, akauliza anaongea na nani.

"Simamisha gari." Hakujua kwamba ana sauti ile. Mbwa aligeuka, mtoto aligeuka. "Usingoje kona. Simama hapo ulipo, kando ya mwamba, uzime."

Aliusikia mlio ukishuka, ukishuka, ukisita. Kisha ukakatika. Hakukuwa na sauti ya mtu. Upepo tu. Kimya aliing'ang'ania simu mpaka vidole vikamuuma, na baba yake alikuwa anausoma uso wake kwa namna ambayo hakuwahi kumsoma tangu azaliwe.

Mlango wa gari ukafunguka mahali fulani mlimani. Viatu vikakanyaga kokoto. Muuza mbao alirudi kwenye simu, na sasa hakuwa anacheka. Alisema kuna harufu ya mpira unaoungua, na moshi kidogo chini ya boneti, na mbele yake kona iko palepale.

"Limenyamaza," Kimya alimwambia baba yake. Baba alimtazama kwa muda, kwa sababu neno hilo lilikwisha kutamkwa kwenye uwanja huu likiwa si kweli.

Kisha akaketi juu ya tairi kuukuu, bisibisi akaiweka chini, miguuni.

"Haya," alisema. "Nani mwingine?"

Mawingu yalikuwa yameanza kujaa juu ya mlima, na barabara ile ikiloa haina huruma. Mpiga rangi alikohoa. Akataja gari jeupe la mwalimu. Mnyoosha bodi, kofia ya pikipiki mkononi, akataja teksi ya stendi. Halafu akataja basi la wanafunzi, na aliposema hivyo dada alimshusha mtoto chini na kuukamata mkono wake.

Kimya alikuwa amekwisha anza kupiga simu.