Tarakimu Ishirini

Itangazwe kwa wakazi wote wa nyumba ya Mama Cheruto, hapa Elburgon, kwamba kuanzia leo saa sita mchana binti yake Jemutai, wa kidato cha tatu, ndiye Mkaguzi Mkuu wa Stima. Sifa zake: somo moja la fizikia, ambalo nusu yake alilimaliza akimchora masharubu mwenzake aliyesinzia.

Anko Kiprugut, fundi wa mbao, alikuwa amechomeka randa yake ya umeme sebuleni, ikakataa kunguruma. Mkaguzi akaleta multimita, akaigeuza hadi penye volti za stima ya nyumbani, akatia ncha nyekundu na nyeusi kwenye matundu ya soketi. Sifuri.

"Soketi imekufa," akasema kwa huzuni ya mchungaji matangani.

"Wacha! Kabisa?"

"Kabisa, Anko. Fungua uone nyaya zilivyoungua."

Soketi ilikuwa nzima. Token, yaani stima ya kulipia kabla, ndizo zilizokuwa zimeisha, na Jemutai alijua tangu asubuhi. Alitaka tu kumwona fundi mzima akitibu kisichougua.

Anko akalegeza skrubu, akavuta nyaya, akaanza kukwangua shaba kwa kisu. Swichi kuu hakuizima. Si mashine imesema sifuri?

Ndipo mama akapaza sauti jikoni, kilipo kibodi cha mita. "Kakako Micah ametuma token! Sifuri, nne, tisa, saba..." Kila tarakimu, kitufe kikalia ti.

Tarakimu ni ishirini; ya mwisho ikiingia, stima inarudi. "Mum, ngoja kidogo," Jemutai akasema, sauti kama ya kifaranga.

"Usinichanganye! Mbili, mbili, nane..."

Akisema, ni mwongo mbele ya wote. Asiposema... Anko alikuwa ameinua waya kwa vidole vitupu, anapuliza vumbi.

"Sita. Tano. Na moja ya mwisho..."

"Anko, achilia! Achilia!" Akamvuta shati, wakaanguka chini wote wawili. Jikoni redio ikaanza kuimba.

Anko akainuka, akamsukumia multimita. "Pima tena."

Jemutai akagusisha ncha kwenye nyaya. Mia mbili na arobaini.

"Si ulisema imekufa, wewe?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi.

"Ilikuwa nzima, Anko. Nilijua ni token. Nilitaka kukucheka." Machozi yakamshinda. "Na Mum alipoanza kusoma namba, nilinyamaza. Nilikuwa nahesabu nione kama nitaponyoka bila kusema."