Joho Jikoni Hallonbergen

Wakili Évariste alilipiga pasi joho lake jeusi, akalivaa juu ya suruali ya kulalia, kisha akaiegemeza simu kwenye pakiti ya maziwa. Nani angemwona? Tangu ahamie Hallonbergen, huku ughaibuni, mgeni pekee aliyewahi kuingia jikoni mle ni fundi wa mabomba.

Kule kwao, kesi ya Christelle ilikuwa inaanza. Évariste ndiye aliyemfundisha binti huyo kazi ya uwakili, na alipokimbia nchi alimwachia kesi ya wanafunzi waliokamatwa kwa kupinga matokeo ya uchaguzi. Sasa Christelle mwenyewe ameshtakiwa, eti amewachochea wateja wake. Siku aliposhtakiwa Évariste, mawakili walijaa ukumbini na majoho yao, kama desturi ilivyotaka, kila mmoja akasimama kujitaja kuwa mtetezi wake. Safari hii walikuwa wameonywa: atakayesimama, leseni yake kwaheri.

Aurore, dada yake Christelle, alikuwa ameficha simu mkobani pale mahakamani, ikiwa imeunganishwa na ya Évariste.

"Maître, zima sauti yako, usiseme kitu," alimnong'oneza kabla hakimu hajaingia, akimwita kwa cheo cha mawakili wa kwao. "Bakikusikia, batanifukuza."

Hakimu akauliza, "Nani anamutetea huyu mama?"

Évariste alisikia mtu akikohoa, kiti kikiburutwa. Basi, hakuna aliyesimama. Na mawakili wote wale waliocheza harusini kwa Christelle! Aliona uchungu, na aibu kuliko uchungu, maana yeye ndiye aliyetangulia kuondoka.

"Nauliza mara ya mwisho."

Évariste akasimama pale jikoni. Kidole kikawasha sauti kabla akili haijakubali.

"Niko, Monsieur le Président. Maître Évariste, kwa ajili ya mshtakiwa," alimjibu hakimu.

Sauti yake ikatokea mkobani. Watu wakacheka. Hakimu akafoka simu itolewe nje pamoja na mwenyewe. Aurore akaanza kulia, viatu vya askari vikakaribia. Évariste alijuta papo hapo. Amemwondolea Christelle hata yule mmoja aliyekuwa upande wake.

Lakini katikati ya makelele yale akaisikia sauti aliyoifundisha isitetemeke.

"Karani aandike," Christelle alisema. "Wakili wangu alisimama."

Simu ikakatika. Évariste alipiga tena, haikupokelewa. Zamu yake ya kazi, ya kuhudumia wazee kule Vällingby, ilikuwa imekaribia, na treni haingemngoja. Hakwenda. Alibaki wima jikoni, joho limefungwa hadi shingoni, kwa sababu mahakamani wakili haketi mpaka hakimu amruhusu, na hakuna aliyemwambia akae.